Nani Amchague Daktari?
Historia ya Kupimwa kwa Walioumia Kazini, Tangu Mashamba ya Walowezi Hata Leo



Ni desturi ya kitabu hiki cha mwaka kutoa hesabu ya fedha, habari za misiba tuliyosaidiana, na majina ya watoto waliopata karo. Mwaka huu twaomba nafasi ya kuweka pia historia fupi ya jambo moja lililogusa nyumba nyingi za Bahati, tangu enzi za babu zetu hata leo. Jambo lenyewe ni hili: mtu akiumia kazini, ni nani atakayemchagua daktari wa kupima jeraha lake?

Huenda mtu akasema kwamba hilo ni swali dogo, maana daktari ni daktari. Sisi twaona kwamba ni swali kubwa kuliko yote yahusuyo fidia. Sheria hutoa fedha kwa kadiri ya kilema, na kilema hutajwa kwa kalamu ya daktari. Basi anayemchagua daktari amekwisha kuandika nusu ya hukumu. Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake.

KABLA YA SHERIA

Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Baada yake walikuja walowezi, na ardhi ya kwetu ikawa sehemu ya ile iliyoitwa Nyanda za Juu za Wazungu. Wazee wetu wengi waliingia Bahati, Solai, Subukia na Dundori wakiwa maskwota, yaani watu waliokaa katika shamba la mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi. Kwa sheria ya mwaka wa 1918 skwota alitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Katika nyanda hizi watu walipasua mbao, waliendesha magari ya ng'ombe, walivuna kahawa na pareto, na waliparua mkonge kwa mashine.

Kazi hizo zilikuwa na hatari zake. Msumeno haubagui mti na kidole, na gogo likiteremka mlimani halimwulizi mtu jina lake. Lakini katika miaka hiyo ya mwanzo hapakuwa na sheria yoyote ya Kenya iliyosema kwamba mfanyakazi aliyekatika mkono atalipwa kiasi fulani. Bwana shamba mwenye huruma angeweza kutoa chochote, na asiye na huruma asitoe kitu. Dawa mara nyingi ilikuwa ile ya dresa, na hospitali ilikuwa mbali kwa mtu wa miguu.

Tena yafaa vijana wetu waelewe jambo hili vizuri. Skwota hakuwa na haki ya kukaa pale ila kwa ile kazi yake. Alipovunjika mgongo asiweze kutimiza siku zake, hakupoteza mshahara peke yake, bali nyumba, bustani ya mahindi na malisho ya mbuzi yote yalikuwa hatarini. Jeraha la mtu mmoja liliweza kuhamisha ukoo mzima. Ndiyo sababu wazee hulisema neno "kuumia kazini" kwa uzito ambao vijana wa leo hawaufahamu.

SHERIA YAFIKA

Wakati huo nchi nyingine zilikuwa zimekwisha kuanza. Ujerumani iliweka bima ya ajali za kazini mwaka wa 1884. Uingereza ilitunga sheria ya fidia mwaka wa 1897. Mwaka wa 1925 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba kuhusu fidia ya ajali za kazini. Kenya ilichelewa. Sheria yetu ya kwanza ilitungwa mwaka wa 1946, ikaanza kutumika mwaka wa 1949. Baada ya Uhuru iliendelea kutumika kwa jina la Sura ya 236 ya Sheria za Kenya.

Sheria hiyo ilikuwa na wema mkubwa ndani yake. Mfanyakazi hakutakiwa tena kuthibitisha kwamba bwana wake alikosa. Ilitosha kuonyesha kwamba aliumia kwa ajali iliyotokana na kazi, na katika wakati wa kazi. Ofisi ya leba iliwekwa kati ya pande mbili. Makubaliano ya fidia yalipitia mbele ya ofisa wa kazi, na ugomvi uliweza kupelekwa mahakamani.

Walakini katika jambo la daktari, sheria ilifuata mtindo wa makoloni ya Kiingereza. Mfanyakazi alipotoa habari ya ajali, mwajiri ndiye aliyepanga apimwe, bila ya mfanyakazi kulipa, na daktari aliyetajwa na mwajiri huyo. Aliyekataa kupimwa, haki yake ya fidia ilisimamishwa. Mfanyakazi aliruhusiwa kuwa na daktari wake mwenyewe wakati wa kupimwa, ila kwa gharama yake.

Hebu tulitazame sharti hilo jinsi lilivyokuwa katika Bahati ya wakati ule. Kwenye karatasi pande mbili zilikuwa sawa: huyu na daktari wake, na yule na daktari wake. Lakini mtu wa mshahara wa shilingi chache kwa mwezi angemtoa wapi daktari wa kumlipa? Madaktari Waafrika walikuwa wachache mno katika nchi nzima, na hospitali zilitengwa kwa rangi za watu. Haki ile ilikuwa kama mlango ulio wazi ng'ambo ya mto usio na daraja.

Na ni ajabu kwamba Waingereza wenyewe, katika sheria yao ya mwaka wa 1897, walikuwa wameliona tatizo hili. Walisema kwamba mfanyakazi asiyeridhika na cheti cha daktari wa mwajiri aweza kwenda kwa daktari wa tatu, aliyewekwa na serikali kwa kazi hiyo, na neno la huyo litakuwa la mwisho. Yaani nusu karne kabla ya sheria yetu kuanza, ilikwisha kujulikana kwamba daktari wa upande mmoja hatoshi.

JINSI KALAMU YA DAKTARI INAVYOPIMA FEDHA

Wanachama wengi hutuuliza, je, madaktari wawili waliosoma vitabu vile vile wawezaje kutofautiana? Twajibu kwamba waweza, tena bila ya mmoja wao kuwa mwongo.

Sheria ina jedwali la vilema. Aliyepoteza mikono yote miwili, au macho yote mawili, huhesabiwa asilimia 100. Kidole kilichokatika kina hesabu yake, na hapo hakuna ubishi mwingi, maana kidole kipo au hakipo. Ubishi huja mahali ambapo kiungo kipo lakini hakifanyi kazi yake: kiwiko kisichokunjuka, mgongo unaouma mtu akiinama, kichwa kinachozunguka, mkono usioweza kushika jembe kwa nguvu. Hapo daktari hutumia akili yake na uzoefu wake. Daktari mmoja ataona asilimia 10, mwingine ataona 25.

Tuchukue mfano. Kwa sheria ya sasa, ambayo tutaieleza hapa chini, kilema cha kudumu hukadiriwa kwa kutumia mshahara wa miezi 96, bila kusahau kiwango cha chini na cha juu kinachowekwa na waziri. Mtu wa mshahara wa shilingi 15,000 kwa mwezi, hesabu yake nzima ni shilingi 1,440,000. Akipewa asilimia 10 atapata shilingi 144,000. Akipewa asilimia 25 atapata shilingi 360,000. Tofauti ni shilingi 216,000, nayo imetoka katika tarakimu moja iliyoandikwa kwenye fomu. Kwa fedha hizo mtu aweza kununua ng'ombe wa maziwa na kuanza maisha mengine, au akakosa na kuwa mzigo kwa wanawe.

Kuna pia jambo la wakati. Jeraha likipimwa mapema mno, ulemavu wa kudumu haujajulikana. Likipimwa kwa kuchelewa, kumbukumbu za hospitali zaweza kuwa zimepotea, na mtu atasema kwamba kilema hicho kilitoka shambani kwake nyumbani.

Kisha kuna jambo la mkate wa daktari. Daktari anayeletewa wagonjwa na kampuni moja ya bima kila juma anajua, hata asipoambiwa, kwamba asilimia kubwa hazitampendeza anayemlipa. Vivyo hivyo daktari anayeletewa watu na mawakala wa wadai anajua kwamba asilimia ndogo hazitamletea wengine. Hatusemi kwamba madaktari hawana heshima. Twasema kwamba si haki kumweka mtu mwenye heshima mahali ambapo chakula chake kinagombana na kiapo chake.

BAADA YA UHURU

Uhuru ulileta mabadiliko makubwa katika nyanda zetu. Mwaka wa 1963 vyama vya wafanyakazi wa mashamba viliungana kuwa Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba na Kilimo cha Kenya, chenye makao yake makuu hapa hapa Nakuru. Mfanyakazi akapata mtu wa kumsindikiza ofisi ya leba. Mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika vya wananchi, yakagawanywa. Mtu ambaye baba yake alikuwa skwota akawa mwenye hisa, na baadhi yao wakawa waajiri.

Katika miaka iliyofuata mfanyakazi alikuwa na njia mbili. Aliweza kufuata fidia ya Sura ya 236 kwa njia ya ofisi ya leba, au kumshtaki mwajiri mahakamani kwa uzembe. Katika njia ya mahakama ugomvi wa madaktari ulionekana waziwazi. Mdai alileta ripoti ya daktari wake, na kampuni ya bima ikaomba apimwe mara ya pili na daktari wake. Hakimu alikaa na karatasi mbili mkononi, zinazosema habari za mkono mmoja kana kwamba ni mikono ya watu wawili. Mara nyingi ripoti zote mbili ziliandikwa na watu ambao hawakumtibu mgonjwa siku alipoumia.

SHERIA YA MWAKA WA 2007 NA SAFARI YA MAHAKAMANI

Mwaka wa 2007 Bunge lilifuta sheria ya zamani na kutunga Sheria ya Manufaa ya Majeraha ya Kazini, ambayo ilianza kutumika mwaka wa 2008. Iliwalazimisha waajiri kuweka bima. Iliweka madai yote mikononi mwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini badala ya mahakama. Mwajiri hutakiwa kumpa Mkurugenzi habari ya ajali katika siku 7, na ya kifo katika saa 24. Dai lazima liletwe katika miezi 12 tangu ajali. Na mfanyakazi anayedai hutakiwa kukubali kupimwa na daktari anapoagizwa.

Chama cha Wanasheria wa Kenya kilikwenda mahakamani kuipinga. Mwezi wa Machi mwaka wa 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa, na miongoni mwao kilikuwamo hicho cha kupimwa. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani ilivirudisha karibu vyote. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilikubaliana na Mahakama ya Rufani. Ikawa imekwisha: aliyeumia kazini aanze kwa Mkurugenzi, wala si kwa hakimu.

Katika miaka hiyo kumi ya mabishano watu wengi hawakujua waende wapi. Wengine walifungua kesi mahakamani, wakaja kuambiwa kwamba mlango si ule.

Sasa twaomba wazee watazame vizuri hukumu hizo zimetuachia nini. Njia moja imefungwa, iliyobaki ni moja. Zamani ripoti mbaya ya daktari iliweza kupingwa na wakili mbele ya hakimu, kwa maswali, siku nzima. Leo fomu ya dai ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari, na kile daktari anachoandika ndicho msingi wa hesabu. Asiyeridhika ana siku 60 za kumpelekea Mkurugenzi pingamizi kwa maandishi. Mkurugenzi hujibu katika siku 14. Na baada ya hapo kuna siku 30 za kukata rufani mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo hapa Nakuru. Njia ipo. Lakini ni njia ya mtu anayejua kuhesabu siku, na mwenye karatasi nyingine ya daktari ya kuweka mezani. Kwa hiyo swali la nani amchague daktari halikuondoka pamoja na sheria ya zamani. Limezidi uzito.

WENGINE WAMEFANYAJE

Si sisi peke yetu tuliokutana na jambo hili. Uganda, katika sheria yake ya mwaka wa 2000, iliweka Bodi ya Usuluhishi ya Madaktari. Pande mbili zisipokubaliana juu ya kiasi cha ulemavu, shauri hupelekwa mbele ya bodi hiyo. Uzuri wake ni kwamba bodi ina jina na mahali katika sheria. Mfanyakazi halazimiki kuibembeleza.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Sheria ya mwaka wa 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwezi wa Julai mwaka wa 2015. Waajiri huchangia Mfuko, na Mfuko ndio unaolipa. Kwa hiyo mwajiri mmoja hana haja ya kugombania asilimia za mtu mmoja, maana fedha hazitoki katika mfuko wake siku ile.

Mbali zaidi, katika jimbo la California huko Marekani, wametumia hila moja nyepesi. Mdai mwenye wakili na mwajiri wasipokubaliana juu ya daktari, ofisi ya serikali hutoa majina matatu kutoka katika orodha ya madaktari waliohitimu kazi hiyo. Kila upande hufuta jina moja. Linalobaki ndilo. Hapo hakuna aliyemchagua daktari, na wote wawili wamemchagua. Watu wa huko nao wana malalamiko yao mengi, maana hakuna dawa isiyo na uchungu. Lakini wazee wetu wataitambua akili hiyo. Katika mashauri ya mipaka na ya mifugo, msuluhishi hakuwa mtu wa mji wa mdai wala wa mdaiwa, bali ni yule ambaye pande zote hazikumkataa.

MAONI YETU KWA WANACHAMA

Baada ya kuyatazama hayo, twatoa maoni haya, tukijua kwamba chama chetu hakitungi sheria.

Kwanza, daktari akubaliwe kabla ya asilimia kujulikana. Kabla ya mtu kupimwa, yeye na mwajiri waandike kwamba wamemkubali daktari fulani, au wamekubali hospitali ya serikali impangie. Mapatano ya kabla ya matokeo ni rahisi. Baada ya matokeo ni vita.

Pili, daktari huyo asiwe mtu anayelipwa na upande mmoja kwa kazi nyingine. Daktari wa hospitali ya umma, ambaye mshahara wake haupandi wala haushuki kwa ajili ya dai hilo, ndiye anayetufaa zaidi.

Tatu, karatasi za siku ya kwanza zitunzwe. Kadi ya hospitali, picha ya eksrei, na habari ya ajali iliyoandikwa kwa mwajiri, ndizo mashahidi wasiochoka. Daktari mwadilifu asiye na karatasi hizo atalazimika kukisia, na makisio humwangukia mnyonge.

Nne, aliyeumia asiende peke yake. Aende na ndugu, au mtu wa chama cha wafanyakazi, wa kusikia anayoulizwa na kuandika tarehe. Akiona hesabu haikumridhisha, asingoje. Siku 60 ni chache kwa mtu anayeuguza mkono.

Tano, nasi wenyewe tuwe wakweli. Wako kati yetu walio na mashamba, matrekta na mashine za kupasulia mbao, na watu wanaowafanyia kazi. Tusidai daktari asiyependelea tunapoumia, kisha tukamwita daktari rafiki yetu anapoumia kijana wetu wa kazi. Vilevile tusimtume mtu kuchechemea mbele ya daktari aliyekwisha kupona. Kilema cha uongo humwibia aliye na kilema cha kweli, maana humfanya daktari amshuku kila anayeingia.

Sita, yafaa chama chetu, pamoja na vyama vya wafanyakazi na vya waajiri, tuwaombe wawakilishi wetu Bungeni kwamba sheria itaje waziwazi jinsi daktari wa tatu atakavyopatikana pande mbili zikigombana. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa katika mambo ya kazi. Twaamini kwamba usawa huo hauwezi kuwapo ikiwa mizani imeshikwa na mmoja wa wauzaji.

Wazee wetu walivunjika mikono katika misitu na mashamba haya wakati ambapo hapakuwa na mizani yoyote. Waliofuata waliwekewa mizani, lakini ikashikwa na upande mmoja. Sisi tumeachiwa kazi ya kutafuta mkono wa tatu wa kuishika. Kamati yaomba kila mwanachama alete maoni yake juu ya jambo hili katika mkutano mkuu, na wale walio na karatasi za zamani za fidia, za baba zao au babu zao, wazilete ili zinakiliwe na kuhifadhiwa, zipate kuwafaa watakaokuja baada yetu.